Mkwe Haulizwi Maswali

Mimi ni fundi pancha pale Nkuhungu, na kazi ya pancha ina uzuri wake mmoja: mteja hawezi kuondoka. Tairi lake liko mikononi mwangu, kwa hiyo nitakachosema atakisikia mpaka mwisho. Ndivyo nilivyopata sifa ya kuwa na mdomo. Nilishawahi kumsimulia dereva wa lori habari za kambare wa Bahi aliyemeza baiskeli, akawa kila akipumua kengele inalia. Yule dereva aliamini, na wiki iliyofuata akarudi na mwenzake aje aisikie, wakati tairi zao zote zilikuwa nzima kabisa. Shule niliiona kwa nje tu, nikiwa nachunga mbuzi. Lakini kwa kuongea, mimi na redio tukishindana, betri za redio ndizo zinazokwisha.

Nasema haya mapema ili unielewe. Mdomo huu umefanya kazi za kipuuzi maisha yake yote, na siku ile ilipopatikana kazi ya maana, uliambiwa ukae chini.

Kesi ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Aliolewa Bahi, kule kwenye mpunga, kwenye joto ambalo mjusi akitaka kuvuka barabara anavuka kwa vidole viwili na kuomba radhi. Yeye na mume wake walifyeka pori wenyewe, wakang'oa visiki, wakainua matuta ya udongo kushika maji, wakapata majaruba matatu ya mpunga. Mimi nilikuwa nimeshahamia mjini, sikushika hata mpini. Nilikuwa naletewa mchele tu, naula huku nawasifia.

Shemeji yangu akaugua kifua, akafa. Dada akabaki na watoto wanne na yale majaruba matatu. Mvua ikiwa nzuri watoto wanakula na wanakwenda shule. Mvua ikiwa mbaya wanakula tu. Hawakuwa na kitu kingine. Hata kuku walikuwa wa kupita.

Arobaini imekwisha, baba mkwe wake akasema shamba ni lake. Akasema yeye ndiye aliyelifyeka zamani, akamwazima mwanawe alime, na sasa mwanawe hayupo, anaomba arudishiwe. Kitinda mimba wake alikuwa anataka kuoa na hana pa kulima. Sasa Bahi nzima inajua kwamba wakati lile pori linafyekwa, mzee yule alikuwa upande wa Manyoni na ng'ombe wake, na aliporudi alikuta mpunga umeshatoa masuke. Bahi nzima inajua, lakini Bahi nzima ni ukoo mmoja, na ukiiita Bahi nzima ije kutoa ushahidi, unashangaa kila mtu ana ng'ombe aliyepotea siku hiyo hiyo.

Na usidhani mzee mwenyewe ni mtu wa kutisha. Ni mzee mpole, anaongea polepole, anakohoa akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Ukimwona utampa kiti. Mimi mwenyewe nimeshampa kiti mara nyingi, na sasa najuta hata viti.

Akafungua kesi kwenye baraza la ardhi. Dada akapata wito, akapanda basi akaja kwangu Nkuhungu na wito wake ameufunga kwenye pindo la kanga kama dawa.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unajuana na watu. Mtafutie mtu dada yako."

Nilikuwa najuana na watu, kweli, lakini wote walikuwa watu wa pancha. Mmoja wao, wa bodaboda, ndiye aliyenielekeza kwenye chumba fulani karibu na soko, mahali wanapotoa msaada wa kisheria bure. Tukaenda asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba nadhani mkia wake ulikuwa Singida. Wajane, walioachwa, walionyang'anywa viwanja, kina mama wenye vitoto vinavyolia, wazee wenye mabahasha yaliyochakaa. Nilijaribu kuwachekesha, na mama mmoja akacheka mpaka akafuta machozi, halafu nikagundua machozi mengine hayakuwa ya kucheka.

Aliyetupokea ni mama mmoja wa hapa hapa mjini, mtoto wa zile familia za Waislamu wa zamani waliokuja na misafara ya biashara, mama wa vitenge na baibui safi. Si wakili. Alilieleza hilo mwenyewe kabla hatujakaa vizuri.

"Mimi ni msaidizi wa kisheria," akasema. "Nitakushauri, nitakuandikia, nitakufundisha. Lakini kusimama barazani kukusemea siruhusiwi, hiyo kazi ni ya wakili. Wakili wetu wa kujitolea yupo mmoja, na ana watu wengi mbele yako kuliko nywele zangu."

"Nywele zenyewe umezifunika, mama, tutazihesabuje?" nikamwambia.

Akanitazama. "Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Basi mdogo wake, nyamaza kidogo nimsikilize mwenye shida."

Dada akaeleza. Yule mama alikuwa anaelewa haraka, sijapata kuona. Akasema maneno ya mzee yakiachwa hivi hivi yatakuwa kama ukweli, kwa hiyo lazima yatikiswe, na cha kuyatikisa ni maswali. Akampa dada maswali matatu ya kumuuliza mzee akimaliza kutoa ushahidi. La kwanza: mwaka lile pori linafyekwa, ulikuwa unaishi wapi? La pili: nani alikusaidia kufyeka, mtaje. La tatu: mpaka wa shamba upande wa mashariki ni kitu gani? Maana mzee hajui mpaka. Atasema mti, na pale hapana mti, pana kichuguu.

"Ukiuliza haya matatu taratibu, kwa adabu," yule mama akasema, "atachanganyikiwa mwenyewe. Utaweza?"

Dada akasema, "Nitaweza."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kupasua kitu kila nikikumbuka. Maana mimi na dada tulikuwa tumekaa pale wote wawili, na wote wawili tunajua jambo ambalo yule mama wa mjini halijui. Kwetu, mwanamke na baba wa mume wake hawasemezani hivi hivi. Akimwona njiani anatoka njiani, anapiga goti, anajifunika kanga mpaka apite. Jina lake halitaji. Hali chakula mbele yake. Akiwa na la kumwambia anamtuma mtoto, hata kama mzee amekaa hatua mbili tu kutoka hapo: "Mwambie babu maji ya kuoga yapo tayari." Na mzee anajibu kwa mtoto huyo huyo. Dada alikuwa ameishi hivyo tangu aolewe, na mzee yule hajawahi kuuona uso wake mzima. Hatukumwambia yule mama. Nani anakaa mbele ya mtu na kumweleza kwamba maji yanalowesha?

Tena mimi ndiye niliyefanya mazoezi yaonekane rahisi. Tulirudi kwangu, nikakaa juu ya tairi la trekta pale kijiweni, nikajifanya mzee. Nikakohoa kwa kuziba mdomo, nikaongea polepole, nikasema, "Shamba ni langu, nililifyeka mimi mwenyewe na mikono hii." Dada akaniuliza swali la kwanza. Nikababaika. Akaniuliza la pili, nikamtaja marehemu bibi yetu. Alipoliuliza la tatu nikasema mpaka ni bahari. Madereva wa bodaboda wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Mzee umekwisha, rudisha shamba la watu." Dada naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Aliuliza vizuri kama hakimu. Bila shaka aliuliza vizuri. Mimi nilikuwa mdogo wake, nimebebwa mgongoni kwake.

Siku ya kesi yule mama msaidizi hakuwepo. Alikuwa ameitwa Busi, kule Kondoa, kwa mjane mwingine mwenye shida kama hii hii. Mjane wetu na mjane wa Busi waligawana mtu mmoja, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Busi. Simlaumu. Hata angekuwepo angekaa benchi la nyuma kama mimi.

Tukaingia. Chumba kidogo, feni inazunguka kwa uvivu kama inalipwa kibarua. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani minene mpaka ukimtazama unahisi umekaribia. Pembeni yake wazee wa baraza wawili. Mzee wetu akasimama na fimbo yake, na mara alipoanza kukohoa, nikasikia kanga ya dada inavutwa. Nikageuka. Alikuwa ameshajifunika mpaka puani na ameshapiga goti pale pale sakafuni, mbele ya serikali.

"Mama, kaa kwenye kiti," mwenyekiti akasema.

Dada akakaa kwenye kiti, lakini alikikalia kiubavu, mgongo kwa mzee, uso kwa ukuta.

Mzee akaeleza. Pori alifyeka yeye, mwanawe alimwazima, kila mavuno alikuwa analetewa debe la mpunga kama shukrani. Debe lenyewe ni kweli alikuwa analetewa, kwa sababu ni baba yao na mtoto mwenye adabu anampelekea baba yake. Sasa ile adabu ikageuzwa ikawa kodi ya shamba, huku nasikia kwa masikio yangu.

Akamaliza. Mwenyekiti akamgeukia dada.

"Mama, una maswali kwa huyu mzee?"

Dada akaivuta kanga juu zaidi.

"Mama, nakuuliza. Huu ndio wakati wako wa kumuuliza maswali juu ya alichokisema. Unayo?"

Dada akasema kitu kwenye kanga.

"Sema kwa sauti."

"Sina," dada akasema. "Ni mkwe wangu."

Mwenyekiti akainama akaandika. Nadhani aliandika lile neno la kwanza tu.

Nikasimama. Sikukusudia, miguu yenyewe ilisimama. "Mheshimiwa," nikasema, "maswali anayo, matatu, nayajua kwa moyo. Huyu mzee ni mkwe wake yeye, si wangu. Naomba nimuulizie mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake."

"Umeandikishwa hapa kama mwakilishi wake?"

"Nimekuja naye kwa basi."

Mzee mmoja wa baraza akacheka puani. Mwenyekiti hakucheka.

"Mdaiwa yupo hapa mwenyewe, mzima, na amejibu kwamba hana swali. Huwezi kuibuka katikati. Kaa chini."

"Mheshimiwa, moja tu, la kichuguu."

"Kaa chini au utoke nje."

Nikakaa. Mimi niliyemfanya kambare alie kengele, nikakaa kimya nimeshika magoti, na maswali matatu yananichoma ulimi kama nimelamba pasi. Mzee alikuwa bado amesimama pale, hajakaa, anasubiri. Nadhani na yeye alikuwa anayasubiri hayo maswali. Alipoona hayaji, alifuta uso akakaa taratibu.

Dada naye alipata zamu ya kujieleza. Alisema shamba walifyeka yeye na marehemu. Alisema hivyo akiutazama ukuta, kwa sauti ya mtu anayesali. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo unataka kusema huyu mzee amelidanganya baraza?"

Mwanamke wa kwetu amwite baba wa mume wake mwongo, mbele yake, mbele ya watu. Bora umwambie avue nguo.

"Baba atakuwa amesahau," dada akasema.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza. Hukumu ilipokuja kusomwa ilikuwa ndefu, lakini kwangu mimi ilikuwa na jambo moja tu: mzee alieleza, dada alipewa nafasi ya kumuuliza, hakumuuliza. Shamba likarudi kwa mzee. Nasema likarudi kwa sababu ndilo neno walilotumia. Kitu kinarudije mahali ambapo hakijawahi kuwa?

Tulipomrudia yule mama wa msaada wa kisheria, alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikwambia yote," nikasema.

"Hamkuniambia kwamba hawezi kumsemesha mkwe wake. Ningejua hilo, tungeanza na wewe. Ndugu anaruhusiwa kusimama kwa niaba ya mwenye kesi pale barazani. Mngesema tangu siku ya kwanza, ukajitambulisha, wangekuandika. Maswali yote ungeyauliza wewe. Na mdomo huo ulio nao."

Sijui kama ulishapigwa na kitu usoni ukabaki umesimama. Nilimtazama dada, dada akawa anatazama sakafu ya yule mama kama ndiyo ina shamba lake.

"Hukutuuliza," nikamwambia yule mama. Nilisema kwa ukali, na hakustahili.

"Kweli sikuuliza," akasema. "Kila mtu napata naye muda wa chai kuchemka. Nakimbilia sheria, ya nyumbani kwa mtu siyafikii." Akatoa leso akafuta macho bila kujificha, huku nje foleni inamsubiri.

Zamu ya wakili nayo ikafika, baada ya hukumu kutoka, kama gari la zimamoto linalokuja kuangalia majivu. Kijana mmoja mzuri, hana makuu, alipiga simu mwenyewe, akaandika rufaa, akasimama mbele ya jaji bila kutudai chochote. Aliongea kwa ufasaha mpaka nikamwonea wivu. Akaeleza habari za mkwe, akaeleza goti, kanga, ukuta, akaeleza na mimi nilivyosimama. Jaji alimsikiliza kwa heshima. Lakini jaji hakuwepo Bahi wala barazani. Yeye anasoma yaliyoandikwa kule. Na kule palikuwa pameandikwa kwamba mdaiwa hana swali. Goti halikuandikwa. Kusimama kwangu hakukuandikwa. Nilikuwa nimesimama bure hata kwenye karatasi.

Rufaa ikaanguka. Nje ya mahakama wakili akamweleza dada kwa upole, amechuchumaa mbele yake kama anayezungumza na mama yake mzazi.

"Mama, mahakamani mtu akisema jambo juu yako, ukapewa nafasi ya kumuuliza usimuulize, wanahesabu umekubali. Hawaangalii ulinyamaza kwa sababu gani."

"Kwa hiyo ningemuuliza," dada akasema.

"Au mtu angekuulizia. Ndiyo kazi yetu hiyo. Tungekuwepo wawili watatu zaidi, ningekuwa nimekaa pembeni yako siku ile."

"Sasa na wewe ulikuwa wapi?" Hakumuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu.

"Gerezani, mama. Kulikuwa na kijana wa kesi ya mauaji hana mtu."

Dada akatikisa kichwa, akakubali. Ndivyo alivyo, angeweza hata kumwambia mwenye nyoka pole kwa nyoka wake kumng'ata yeye. Mimi sikukubali na mpaka leo sijakubali. Watu wanapenda kuniambia sheria ni moja kwa wote, hasa wale wenye gari, nikiwa chini nafungua nati zao. Nawaambia ndiyo, bosi, ni moja, na mlango wake ni mmoja. Ila kuna watu wanaingia na mtu wa kuwasemea na kuna watu wanaingia na kanga mdomoni. Wanacheka. Wanadhani naendelea na zile za kambare.

Mvua zilipoanza, dada alikuwa kwangu na watoto wote wanne, tumelala kama samaki wa kukaangwa. Siku moja kitinda mimba wa yule mzee, aliyepewa shamba, akapiga simu. Anatafuta watu wa kupandikiza mpunga kwa kibarua. Akauliza kama shemeji atakuja.

Dada akasema atakwenda.

"Ukapandikize mpunga wa watu kwenye jaruba lako?" nikamwambia. "Dada, bora ukae hapa uzibe pancha na mimi."

"Watoto wale nini?" akasema, anafunga mzigo wake. "Hadithi zako?"

Nikauchukua ule mzigo nikautia begani.

Nilimsindikiza mpaka Bahi siku hiyo, nikakaa juu ya tuta, sikuingia majini. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mstari, dada katikati yao, matope yamefika magotini. Mzee hakuja shambani. Alibaki nyumbani na kifua chake. Yule kijana mwenye shamba alikuwa anazunguka zunguka juu ya matuta na jembe begani, jaruba la chini limekauka, la juu linafurika, hajui afanye nini. Mwishowe akasimama, akapaza sauti, maana shemeji na shemeji kwetu wanaongea bila shida na hata kutaniana.

"Shemeji, hivi maji huwa mnayafungulia wapi?"

Wanawake wote wakanyanyua vichwa. Nikajua wamesikia, nikajua wameelewa, halafu wakainama tena kupandikiza. Dada alikuwa ameshika miche kwa mikono yote miwili. Akamwonyesha kwa mguu.